Pichi shifta kwenye gitaa na besi: saidia pedali ikusikie

Kila mpiga gitaa wa kanisani anaijua Jumapili ya namna hii. Kwaya imefanya mazoezi wiki nzima katika G. Asubuhi ya ibada mwimbaji kiongozi anafika na mafua, anasema kwa sauti iliyokwaruza, "Jamani, naomba mshushe nusu." Mpiga kinanda anabonyeza transpozi mara moja, anatabasamu, kamaliza. Mpiga besi anarudi freti moja nyuma, yaani nusu toni. Wewe uliyejenga wimbo mzima kwa kordi za wazi, zile zinazoacha baadhi ya nyuzi zilie bila kushikwa, unabaki unalegeza nyuzi sita, moja baada ya nyingine, na mchungaji ameshasimama. Kapo, kile kibano cha shingoni mwa gitaa, haikusaidii, kwa sababu inapandisha tu.

Pichi shifta ndiyo transpozi ya gitaa. Ukiikanyaga, sauti inashuka au kupanda kwa kipimo ulichochagua, nyuzi zako zikiwa zilezile. Lakini wengi huinunua, wakaitumia wiki mbili, kisha wakaiuza wakilalamika kwamba "inakoroma" au "inachelewa". Mara nyingi pedali haina kosa. Kinanda hakisikilizi chochote: ukibonyeza C, kinajua ni C kwa sababu kidole chako kimegusa swichi ya C. Pedali haijui umeshika freti gani. Inapokea mtetemo wa nyuzi kupitia waya, inaukatakata vipande vidogo, inavivuta au kuvibana, halafu inavishona upya haraka kiasi kwamba unadhani ni wewe umepiga. Ikisikia vibaya, itashona vibaya. Karibu kila ushauri ulio hapa chini ni namna ya kuisaidia isikie.

1. Jua uliyonayo ni ya aina gani

Duka linaweza kuziita zote pichi shifta, ila kazi zao hazifanani.

Kuna zenye kanyagio linaloinama kama la gari. Maarufu kuliko zote ni DigiTech Whammy, nyekundu, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Hiyo inateleza: unatoka sauti moja hadi nyingine kwa kasi ya mguu wako. Tom Morello wa Rage Against the Machine alizijenga solo zake nyingi juu ya kanyagio hilo.

Kuna za kushusha tu, kama DigiTech Drop. Hii ina nobu moja kubwa: nusu toni 1 hadi 7, kisha oktava nzima (nusu toni 12), kisha oktava ikichanganywa na sauti yako ya kawaida. Kwa kazi ya kanisani na bendi za hotelini, mimi ningeanza na ya aina hii. Haina madoido, na hilo ndilo jema lake.

Kuna za oktava peke yake. Boss OC-2 ya mwaka 1982 bado inatafutwa na wapiga besi. Inasoma noti moja kwa wakati. Ukiipa kordi inachanganyikiwa na kuanza kugugumia. Electro-Harmonix POG na wadogo zake wao wanabeba kordi nzima bila shida.

Halafu kuna zinazoongeza sauti ya pili inayoendana na ufunguo wa wimbo, kama Boss PS-6. Tutazirudia.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: inabeba kordi au noti moja? Usikubali maneno. Chomeka gitaa, piga kordi ya E yenye nyuzi zote sita, shusha nusu toni mbili. Kama unasikia kordi ya D iliyokaa sawa, inabeba. Kama unasikia kitu kama redio iliyo kati ya stesheni mbili, ni ya noti moja. Bado inaweza kukufaa, ila usije ukategemea kuitumia kwa ridhimu.

Mwenye mashine ya multi-effects (madoido mengi ndani ya boksi moja), ya Zoom au Boss, aangalie kwanza ndani yake. Pengine pichi shifta tayari unayo na hujawahi kuifungua.

2. Umeme

Hapa watu wanaunguza vitu, kwa hiyo soma polepole. Geuza pedali, usome chini au nyuma yake: volti ngapi, AC au DC, miliampea ngapi, na alama ya ncha ya katikati ni hasi au chanya. Pedali nyingi ni 9 V DC, hasi katikati. Lakini Whammy ya toleo la nne inataka 9 V AC, na ya toleo la tano inataka 9 V DC. Kwa macho zinafanana, na ukinunua iliyokwisha kutumika bila adapta yake ni rahisi sana kuchanganya.

Miliampea za adapta zikizidi hakuna neno. Pedali huchukua inachohitaji. Zikipungua ndipo vituko vinaanza: pedali inawaka, taa ipo, lakini sauti inatetemeka au inakatika katikati ya wimbo. Hizi ni kompyuta ndogo, zinakula umeme kuliko pedali ya distoshoni, ile inayokwaruza sauti. Ule waya mmoja wenye vichwa vitano unaolisha pedali zote unaweza kuleta pia mlio mwembamba wa "wiiii" kwenye spika. Mpe huyu adapta yake mwenyewe.

3. Mahali pake kwenye mstari

Mpangilio ninaoutumia: gitaa, tyuna (ya kupimia nyuzi), kompresa kama unayo, pichi shifta, distoshoni, kisha dilei na rivabu (za mwangwi), mwisho amplifaya.

Tyuna iwe mbele ya pichi shifta. Ikiwa nyuma yake na umeshusha nusu toni, uzi wa E uliokaa sawasawa utaonekana ni E-flat. Nimewahi kuona kijana anakaza nyuzi mpaka wa kwanza ukakatika, akiamini gitaa limelegea, kumbe pedali ilikuwa imewashwa.

Distoshoni ije baadaye kwa sababu ileile ya kusikia. Distoshoni inaongeza sauti nyingi ndogo juu ya noti yako. Ukimpa pichi shifta uji huo, anashindwa kujua noti ya kweli ni ipi. Ukimpa gitaa safi, akahamisha, kisha ukapitisha kwenye distoshoni, makovu madogo ya kushonwa yanafunikwa. Wapo wanaogeuza makusudi kutafuta kelele ya roboti, na wana haki yao, mradi wanajua wanachokitafuta.

Dilei na rivabu zikiwa mbele, noti iliyopita inaendelea kulia wakati mpya inaingia, na pedali ya noti moja inasikia mbili. Usifanye.

Kompresa mbele inasaidia hasa kwenye besi, kwa kuwa inasawazisha nguvu za vidole na noti haififii upesi. Usiibane sana tu.

4. Jaribio la kwanza: kushusha nusu

Weka nobu kwenye 1. Amplifaya iwe safi, bila rivabu. Piga kordi ya G ya wazi, iache ilie. Zima pedali, piga F# kwa kordi ya kubana freti ya 2. Linganisha. Hiyo ya pedali itakuwa na wepesi fulani, kana kwamba mtu ametandika kitambaa chembamba juu ya spika. Hiyo ni kawaida. Ongeza kidogo sauti nene kwenye amplifaya, usiongeze kali.

Ukijaribia chumbani kwa sauti ya chini utasikia kitu kibaya sana: masikio yanapokea F# kutoka kwenye spika na G halisi kutoka kwenye nyuzi zilizo mbele ya tumbo lako. Noti mbili zilizoachana nusu toni tu, zinagongana. Hakuna mziki hapo. Wengi huishia hapa na kusema pedali mbovu. Vaa hedifoni zinazoziba, au ongeza amplifaya hadi nyuzi zisisikike. Na kwa gitaa la galoni (akustika) lenye pikapu, yaani kinasa mtetemo wa nyuzi, tatizo hili halikuachi hata ukumbini, kwa wale walio karibu nawe. Ndiyo maana kwa galoni bado nashauri kapo.

Ukishusha nusu toni moja au mbili, pedali nzuri haigunduliki na msikilizaji. Tatu na nne zinavumilika. Kuanzia tano, nyuzi nene zinaanza kuwa na sauti ya mpira. Kwa hiyo tumia hesabu badala ya nguvu. Huhitaji kushusha sana ukijua kuchagua umbo la kordi. Wimbo uko A-flat? Piga kama A, pedali iwe 1. E-flat? Piga kama E, pedali 1. D-flat? Piga kama D, pedali 1. B-flat, ambayo ni maarufu kwa kwaya na tarumbeta: piga kama C, pedali 2. F: piga kama G, pedali 2. Kwa namba hizo mbili tu unazipata zile funguo tano ambazo wapiga gitaa huzikimbia, tena kwa kordi za wazi.

Andika namba kwa penseli pembeni ya kila wimbo kwenye karatasi yako. Jukwaani hakuna muda wa kuhesabu, na pedali iliyosahaulika kwenye 2 inaharibu wimbo unaofuata tangu kordi ya kwanza.

5. Mikono yako

Kama pedali inagugumia, kabla ya kulaumu chochote jaribu haya. Hamia pikapu iliyo karibu na shingo. Punguza toni ya gitaa hadi nusu. Ziba nyuzi usizopiga kwa kiganja cha kulia na ncha za vidole vya kushoto. Piga juu ya freti ya 5, usikae chini kabisa. Achia noti moja kabla ya kushika inayofuata.

Utaona pedali ileile imekuwa na adabu. Pikapu ya shingo na toni iliyopunguzwa zinaondoa ile mitetemo midogo ya juu, noti yenyewe inabaki mbele. Nyuzi zilizozibwa haziongezi maneno pembeni. Mwanafunzi aliyezoea kuficha uchafu wa mkono nyuma ya distoshoni atachukia wiki mbili za mwanzo, maana pichi shifta inamsema hadharani.

6. Besi: muda na fizikia

Mpiga besi ana tatizo ambalo mpiga gitaa halisikii sana. Uzi mnene wa gitaa, E, unatetemeka mara 82 hivi kwa sekunde. E ya besi ni mara 41. Maana yake mzunguko mmoja tu wa E ya besi unachukua takribani milisekunde 24, na pedali haiwezi kuitambua noti kabla haijaona angalau sehemu kubwa ya mzunguko huo. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 24 ni sawa na kusimama mita 8 mbali na amplifaya yako. Kwa besi ya nyuzi tano, ile B ya chini yenye Hz 31 (mitetemo 31 kwa sekunde), ni zaidi ya mita 10. Mpiga ngoma atasema unamvuta nyuma, na hatakuwa anakusingizia.

Dawa yake, unapotumia oktava, ni kuchanganya. Pedali nyingi za oktava zina nobu mbili: moja ya sauti yako ya asili, nyingine ya sauti iliyohamishwa. Acha ya asili juu, ndiyo itakayobeba pigo la kidole kwa wakati wake. Iliyohamishwa iingie chini yake, kama theluthi moja. Sikio linafuata pigo la kwanza, na ucheleweshaji unageuka unene tu.

Jambo la pili: oktava chini ya E ya wazi ni Hz 20.6, ukingoni kabisa mwa usikivu wa binadamu. Spika ya inchi 10 au 12 haitaitoa. Itahangaika, amplifaya itakula nguvu, na utasikia "pwaa" bila noti. Ukitaka oktava ya chini kwenye besi, panda. Anzia D iliyo kwenye uzi wa A, freti ya 5, yenye Hz 73. Oktava yake ya chini ni Hz 37, ambayo spika nzuri inaiweza. Kutoka hapo kwenda juu ndiyo nyumbani kwa OC-2 na wenzake.

Oktava juu kwenye besi ni raha nyingine. Bendi haina mpiga solo, au kaenda msibani? Changanya besi yako na oktava ya juu nusu kwa nusu, ongeza distoshoni kidogo, na utajaza pengo ambalo watu wawili walikuwa wanalijaza. Kinyume chake pia kinafanyika: mwaka 2003 Jack White wa The White Stripes, bendi ya watu wawili isiyo na besi, alipiga mdundo wa "Seven Nation Army" kwa gitaa lililopitishwa kwenye Whammy, oktava moja chini. Watu wengi duniani wanauimba viwanjani wakidhani ni besi.

7. Sauti ya pili, na mtego wa tatu

Hapa ndipo wapenzi wa sebene na dansi wanapodanganyika. Kwa kuwa magitaa ya Kongo na ya bendi zetu hupenda kutembea noti mbili pamoja, do na mi, mtu anafikiri: naweka pedali kwenye nusu toni 4 juu, napiga noti moja, nyingine inajileta.

Jaribu katika C. Piga do, unapata mi. Vizuri. Piga re, unapata fe, sio fa. Piga la, unapata C#, noti isiyo na nyumba ndani ya ufunguo huo. Nusu toni 4 zinakubali kwenye do, fa na so tu. Kwenye re, mi, la na ti inatakiwa 3. Pedali ya kipimo kimoja haijui tofauti hiyo. Inaongeza 4 hata pale unapoaibika.

Pedali kama PS-6 inayajua mambo hayo ukiiambia ufunguo, na kama ni meja au maina. Basi iambie, tena kila wimbo. Na kaa macho kwenye kiitikio cha mwisho, kwa sababu kwaya nyingi hupandisha ufunguo hapo, wakati pedali imebaki kwenye ule wa zamani na mguu wako uko mbali na nobu.

Kama yako ni ya kipimo kimoja, tumia nne (nusu toni 5) au tano (nusu toni 7). Nne juu inakubali kwenye noti sita kati ya saba, inakosea kwenye fa peke yake. Tano juu inakosea kwenye ti peke yake. Ziruke noti hizo mbili kwenye solo yako na hakuna atakayejua.

Mimi kwa sebene sitaki pedali. Vidole viwili kwenye nyuzi mbili vinafanya kazi hiyo kwa utamu zaidi, na noti ya pili inaweza kuchelewa kidogo au kutangulia kama mtu anayecheza. Mashine inazipiga zote mbili kwa mkupuo kila mara, bila kuchoka, na ndiyo maana inachosha.

Kuna matumizi ya kimyakimya ambayo ningependa watu wayajaribu zaidi. Nusu toni moja ina senti 100. Pedali yenye nafasi ya kuachanisha kidogo inaweza kuongeza nakala ya sauti yako iliyopotoka senti chache tu, tano hadi kumi. Haisikiki kama noti nyingine. Gitaa linapanuka na kung'aa kama magitaa mawili yaliyokaa karibu. Kwa ridhimu ya taratibu ni tamu kuliko pedali nyingi za korasi.

8. Kanyagio

Chagua kwanza kipimo, kisha jifunze safari. Kisigino chini ni sauti yako ya asili. Vidole chini ni mwisho wa kipimo. Anza na oktava juu. Piga noti ya freti ya 7 kwenye uzi wa G, kanyaga taratibu kwa hesabu ya nne, rudi kwa hesabu ya nne. Kisha kwa mbili. Kisha kwa moja. Mguu una mdundo wake, na kwa wengi wetu haujawahi kufundishwa kitu zaidi ya kugonga sakafu.

Kosa la kila siku jukwaani ni kuwasha pedali wakati kanyagio halijarudi hadi mwisho. Limebaki milimita chache, na wewe uko senti 20 juu ya bendi nzima. Unatazama tyuna, tyuna inasema uko sawa, kwa kuwa iko mbele. Kabla ya kuwasha, sukuma kisigino hadi kigote. Kama hata hapo sauti imepinda, kanyagio limepoteza mahali pake pa kuanzia na linahitaji kupimwa upya. Kitabu cha pedali kinaeleza mchanganyiko wa kubonyeza.

Kwa waliokulia kando ya taarabu kuna mlango mwingine. Ile mizani ya Kiarabu yenye noti zilizo kati ya nusu toni mbili, ambayo fidla na udi huipata kwa sababu havina freti, gitaa la kawaida haliwezi kuigusa isipokuwa kwa kuvuta uzi. Weka kanyagio kwenye kipimo kidogo kuliko vyote, toni moja chini, yaani senti 200. Robo ya safari inakupa takribani senti 50: robo toni.

Kuipata kwa mguu gizani ni kazi, hivyo mara hii moja vunja sheria ya mstari na uhamishe tyuna nyuma ya pedali. Piga E, shusha kanyagio polepole hadi mshale wa tyuna usimame katikati kabisa kati ya E na E-flat. Shikilia hapo, bandika kipande cha tepu nyeupe ubavuni mwa pedali usawa wa ukingo wa kanyagio, kisha rudisha tyuna mbele.